Kupandisha giaboksi ya manyuo (ya kubadilisha gia kwa mkono) kwenye Toyota Hilux: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kushusha giaboksi hakumshindi mtu. Ukishamaliza kufungua bolti, uzito wake wenyewe unaileta chini. Kuirudisha juu ndiyo kazi, na makosa ya siku hiyo mara nyingi hayaonekani palepale. Yanaonekana baada ya wiki mbili, gari likiwa njiani na mzigo nyuma.

Niliwahi kuletewa Hilux ya mzee mmoja mkulima wa mpunga, upande wa Dakawa. Alikuwa amefungiwa klachi mpya katika gereji nyingine, gari likatoka likiwa zima kwa macho. Siku chache baadaye klachi ikaanza kutikisika, gia ya rivasi ikawa inakwaruza, na chini pakawa panadondoka oili. Nilipoishusha nilikuta sikio moja la belihauzi, yaani kava la mbele la giaboksi linalofunika klachi, limepasuka, na kitovu cha klachi pleti kimepinda. Sikuhitaji kuuliza kilichotokea. Giaboksi ilibaki na nafasi ya vidole viwili kufika kwenye injini, fundi akachoka kuisukuma, akatia bolti na kuivuta kwa spana mpaka ikafika. Mzee yule alilipa klachi mara mbili, akalipa na kuchomea aluminiamu.

Kwa hiyo jambo ninalotaka likae kichwani kabla ya yote mengine ni hili: giaboksi huingia kwa mikono mpaka uso wake ugusane na injini. Kazi ya bolti ni kuishikilia ikishafika. Bolti haivuti giaboksi. Ikikataa kufika, kuna kitu kimekaa vibaya, na kitu hicho kinatafutwa, hakilazimishwi.

Mwongozo huu nauandika kwa Hilux ya 4x2 yenye injini ya dizeli ya 2L, 3L au 5L, kwa sababu ndiyo gari nililolifungua mara nyingi zaidi, na bado yanafanya kazi kila kona. Gari lolote ambalo injini imelala kwa urefu na propela, ile shafti ndefu ya kuzungusha matairi ya nyuma, inakwenda nyuma linafuata mpango uleule, vipimo tu ndivyo vinavyobadilika. Gari linalovuta kwa mbele lina mambo yake ya draivu shafti, na hilo silo ninaloeleza hapa.

Kabla ya kuingia chini

Utakuwa umelala chini ya chuma kinachoweza kukuua. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Gari likae kwenye stendi nne, au stendi mbili za mbele na matairi ya nyuma yamezuiwa vizuri kwa magogo, kwenye sakafu ngumu. Tofali la saruji linapasuka bila kutoa taarifa, usilitumie hata kwa dakika tano. Ukishaliweka gari kwenye stendi, lisukume kwa nguvu ukiwa nje. Likicheza, lipange upya. Kisha toa kichwa cha hasi cha betri, maana waya mnene wa stata una moto muda wote, na spana ikiugusa na bodi kwa pamoja utaona cheche za kulehemu.

Giaboksi hii inakaribia kilo 40, hata kuzidi. Najua mafundi wanaoipandisha kwa kifua, nami nimewahi kufanya hivyo ujanani. Mgongo unakumbuka. Tafuta jeki ya giaboksi, na usipoipata, jeki ya matairi yenye kipande cha ubao juu na mkanda wa kufungia mizigo inatosha. Tafuta pia mtu wa kusaidia, mwenye masikio ya kusikia maelekezo.

Vifaa vyenyewe si vingi: soketi namba 12, 14 na 17, ekstensheni ndefu, spana 24 ya plagi za oili, koleo, bisibisi bapa, toki renchi (spana inayoonyesha kipimo cha kukaza), tochi ya kichwani, msasa laini, vitambaa safi, grisi ya joto kubwa, na pini ya kupangia klachi. Toki renchi wengi wanaiona anasa. Kama huna, azima. Aluminiamu ya belihauzi haina huruma kwa mkono unaokisia.

Angalia kila kitu giaboksi ikiwa bado chini

Nafasi ya kuona nyuma ya injini huipati kila siku. Kilichoharibika hapo kikiachwa, kitakurudisha chini ya gari hilohilo kwa kazi yote upya, kwa sababu ya sili ya bei ndogo.

Anza na sili ya nyuma ya krankshafti. Ukiona unyevu wa oili nyeusi nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, badilisha sili. Hata kama ni kavu lakini umri wake huujui, ushauri wangu ni kuibadilisha tu. Ukifungua flaiwili, kumbuka kwamba bamba jembamba la chuma lililo kati ya injini na giaboksi linapaswa kurudi kabla ya flaiwili. Fundi akilisahau hulikumbuka akiwa amemaliza kukaza klachi. Bolti za flaiwili safisha thredi zake, kaza kwa mtindo wa msalaba, na kipimo chake fuata kitabu cha injini yako.

Uso wa flaiwili uwe safi na uwe umenyooka. Madoa ya bluu ya joto na nyufa ndogondogo kama za udongo uliokauka maana yake klachi iliteleza sana, na flaiwili hiyo iende kwa fundi wa mashine ikachongwe, au ibadilishwe. Toyota wanaruhusu flaiwili iyumbe isizidi milimita 0.1 ikipimwa kwa saa ya kupimia. Uso ukiwa mzuri, upitishe msasa laini kisha uufute kwa breki klina na kitambaa kisichoacha nyuzi. Watu wanatumia petroli. Mimi nakataa, kwa sababu unafanya kazi chini ya gari, mvuke wa petroli unashuka na kukaa chini, na tochi yako au waya mmoja unatosha kuuwasha.

Vumbi la klachi usilipulize kwa kompresa. Klachi za zamani zilikuwa na asbesto, na huwezi kujua iliyofungwa ni ipi. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Katikati ya krankshafti kuna beringi ndogo inayoitwa pailoti. Ndiyo inayobeba ncha ya shafti ya giaboksi. Izungushe kwa kidole. Ikikwaruza, ikikwama au ikilegea, itoke. Kuitoa bila pula kuna njia nzuri: jaza tundu lake kwa sabuni ya mche iliyokatwakatwa, chukua chuma cha duara kinachoingia kwenye beringi bila kupwaya, kigonge kwa nyundo, ongeza sabuni, gonga tena. Sabuni haina pa kwenda, inaisukuma beringi kutoka nyuma mpaka inatoka yenyewe. Grisi pia inafanya kazi hiyo, ila sabuni inasafishika kirahisi. Beringi mpya igonge kwa soketi inayokaa kwenye ringi ya nje tu. Ukigonga ringi ya ndani umeiharibu kabla haijazunguka hata mara moja.

Upande wa giaboksi, tazama sili ya shafti ya mbele, iliyo ndani ya kile kifuniko ambacho rilizi beringi, ile inayokata klachi ukikanyaga pedali, inatelezea juu yake. Ikivuja, oili ya gia inarukia klachi na pleti mpya inakufa. Tazama na sili ya mkiani, mahali propela inapoingia. Shika shafti ya mbele uicheze juu na chini: kucheza kidogo ni kawaida, kwa sababu ncha yake bado haijashikwa na pailoti, lakini ikizunguka kwa kukwaruza, beringi ya ndani imekwisha.

Kufunga klachi pleti na presha

Kabla hujaifunga pleti mpya, ipitishe kwenye shafti ya giaboksi. Iteleze mpaka ndani na irudi bila kushikwa. Toyota nyingi za ukubwa huu zina meno 21 kwenye shafti, lakini hesabu ya kwako, na weka pleti ya zamani na mpya mgongo kwa mgongo ulinganishe kipenyo. Kwenye maduka ya spea boksi zinafanana mno, na mwenye duka hayuko pamoja nawe chini ya gari.

Kama unarudisha pleti ya zamani, pima kina cha ribiti kutoka kwenye uso wa msuguano. Milimita 0.3 ndiyo kikomo cha mwisho cha Toyota. Mimi nikiona chini ya milimita moja sirudishi, kwa sababu gharama kubwa ni kazi ya kushusha, siyo pleti.

Osha mikono. Ndiyo, osha mikono kwa sabuni, maana alama ya kidole chenye grisi kwenye pleti inatosha kuifanya klachi itetemeke kila unapoondoka.

Pleti ina mbele na nyuma. Upande wenye kitovu kilichotokeza na springi unatazama giaboksi, na pleti nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili. Ukiigeuza, kitovu kitagusa bolti za flaiwili na klachi haitakata hata siku moja. Paka grisi ya meno ya klachi kwenye meno ya shafti, chembamba kabisa, kisha pitisha pleti mara mbili na ufute yote iliyosukumwa pembeni. Grisi iliyozidi hapa inarushwa na mzunguko moja kwa moja kwenye uso wa msuguano.

Sasa ingiza pini ya kupangia kupitia pleti mpaka ndani ya pailoti, weka presha, yaani kava lenye springi linaloibana pleti kwenye flaiwili, juu ya pini zake tatu, na uanze bolti zote sita kwa vidole. Pini hii ndiyo inayoweka pleti katikati. Seti nyingi za klachi zinakuja nayo ya plastiki. Bila pini, shafti ya mbele ya giaboksi chakavu ni bora kuliko zote. Mti uliochongwa na kuviringishwa karatasi ya gundi mpaka ukabana pande zote mbili unafaa pia, mradi ubane kweli. Kinachowaponza watu ni kupanga kwa jicho peke yake.

Kaza bolti za presha kidogokidogo, nusu mzunguko kila moja, kwa kuvuka upande wa pili, mpaka presha ilale sawa. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, kava linapinda na vidole vya springi vinakuwa na urefu tofauti. Mwisho ni Nm 19 (Nm ndicho kipimo cha kukaza kwenye toki renchi). Bolti hizi zina kichwa cha 12 na ni rahisi kuzikata kwa mkono wenye nguvu. Toa pini, irudishe, itoe tena. Iwe inaingia na kutoka bila kung'ang'ania. Hapo unajua pleti iko katikati, na umejiokolea saa nzima ya kazi inayofuata.

Uma na rilizi beringi

Rilizi beringi ukiwa na klachi mpya, weka mpya. Usiioshe kwa mafuta yoyote, maana imefungwa na grisi yake ndani. Ukiosha unaitoa grisi. Safisha bomba inakotelezea, paka grisi kidogo hapo, kwenye ncha za uma, yaani mkono unaoisukuma beringi hiyo, na kwenye kirungu ambacho uma unaegemea. Hakikisha klipu za beringi zimeshika uma pande zote mbili, na ile springi ya nyuma ya uma imekikumbatia kirungu. Ucheze uma mbele na nyuma mara kadhaa. Klipu ikiwa imekaa nusu itachomoka wakati unasukuma giaboksi, na hutajua mpaka umalize kufunga kila kitu na pedali ikaanguka sakafuni.

Rudisha pia ule mpira wa vumbi wa uma. Ukikosekana, tope na maji ya barabarani yanaingia kwenye klachi, na kwa barabara zetu za masika hilo halichukui muda.

Kuipandisha

Hapa nenda taratibu kuliko kote.

Kwanza, tafuta bolti mbili ndefu, kama sentimita 10 hadi 12, zenye thredi ileile ya bolti za belihauzi. Kata vichwa vyake kwa msumeno wa chuma, na kwenye ncha iliyokatwa chora mfereji wa bisibisi. Zifunge kwa mkono kwenye matundu mawili ya juu ya injini, kushoto na kulia. Hizi ni njia za kuongozea. Giaboksi ikishazipata inabebwa nazo, haidondoki, na haiwezi kuninginia kwenye klachi pleti. Kwa shilingi chache za bolti mbili chakavu, sijaona kifaa kinachookoa kazi kama hiki. Zihifadhi, utazitumia miaka.

Pili, tazama injini yenyewe. Bila giaboksi, injini inaegemea mauntingi (mipira ya kuishikilia) zake mbili za mbele tu, na mkia wake unashuka. Weka jeki ya pili yenye ubao mpana chini ya karata ya oili, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, uunyanyue mkia kiasi. Ubao uwe mpana, la sivyo utabonyeza karata mpaka iguse kichujio cha oili ndani.

Tatu, hakikisha zile doweli mbili, yaani vipande vya bomba vinavyotokeza kwenye uso wa injini, zipo na hazijabonyea. Zenyewe ndizo zinazoweka giaboksi katikati ya injini, siyo bolti. Zikikosekana giaboksi itakaa pembeni kidogo, na pailoti pamoja na beringi ya mbele zitalia mpaka zife. Futa kutu kwa msasa, paka tone la oili. Kusanya nyaya zote, wa stata na wa swichi ya rivasi, uzifunge juu kwa kamba.

Sasa ifunge giaboksi kwenye jeki kwa mkanda, iwe katika gia, ya nne kwa mfano, ili ukizungusha mkia wake shafti ya mbele nayo izunguke. Liva ya gia iwe imeshatolewa ndani ya gari. Iinue mpaka shafti itazame katikati ya presha, kisha uweke pembe. Hili la pembe ndilo linalowashinda wengi. Haitoshi shafti kuwa katika urefu sahihi. Giaboksi nzima inapaswa kulala kwa mwinamo uleule wa injini. Ikishaingia kiasi, pima nafasi kati ya belihauzi na injini juu, chini, kushoto na kulia kwa kipande cha mti. Nafasi zikiwa sawa pande zote nne, pembe iko sawa. Ikiwa juu ni pana kuliko chini, shusha mkia wa injini au uinue mkia wa giaboksi, rekebisha mpaka zilingane.

Isogeze mbele. Msaidizi anasukuma kutoka mkiani, wewe unatazama ubavuni. Shafti inapita kwenye vidole vya presha, inafika kwenye pleti. Meno yasipolingana itagonga na kusimama. Ingiza jino la propela (kichwa chake cha mbele chenye meno) mkiani uzungushe taratibu huku ukisukuma kwa wepesi. Utasikia inavyoteleza ndani. Belihauzi ikizipata zile njia mbili, pumua, uzito sasa si wako peke yako. Itikise kushoto na kulia kidogo huku ukisukuma, mpaka doweli ziingie na uso uguse uso.

Sauti ya kufika ni tofauti na sauti ya kukwama. Ya kufika ni nzito na fupi, mlio wa chuma kwa chuma pande zote kwa mara moja.

Ikikataa

Ndiyo sehemu iliyomponza fundi wa yule mzee, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mahali ilipokwamia panakuambia tatizo.

Ikisimama mbali, bado kuna nafasi ya kiganja kizima, meno ya shafti hayajaingia kwenye pleti. Zungusha mkia, au msaidizi azungushe injini kidogo kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele. Angalia pia kama rilizi beringi haijachomoka kwenye klipu ikalala upande.

Ikiingia vizuri halafu ikasimama pakiwa pamebaki upana wa kidole gumba au viwili, meno yameingia ila ncha haiipati pailoti. Sababu ni mbili tu: pembe si sawa, au pleti haiko katikati. Anza na pembe, pima tena pande nne. Ukiwa na hakika na pembe na bado imekataa, irudishe nyuma, iteremshe, panga pleti upya kwa pini. Najua inauma kuishusha ukiwa umeshatoka jasho. Ishushe tu.

Ikibaki milimita chache, upande mmoja umegusa na mwingine haujagusa, tafuta kilichobanwa: waya, kona ya bamba la vumbi, doweli yenye kutu, uchafu kwenye tundu. Pitisha tochi mzunguko mzima. Mara nyingi ni waya wa swichi ya rivasi.

Wakati wote huo usiiache giaboksi ikining'inia kwa shafti ndani ya pleti, hata kama unakwenda kunywa maji. Uzito huo unapinda kitovu cha pleti, na pleti iliyopinda haitakata klachi vizuri. Toyota wanaruhusu pleti iyumbe milimita 0.8 tu. Kining'inio cha dakika kinaweza kuzidi hapo.

Kukaza

Uso ukishagusana, funga bolti kwa mkono zile unazozifikia, toa njia za kuongozea, weka bolti zake. Bolti za belihauzi zina urefu tofauti. Uliyeshusha kwa akili ulichora umbo la giaboksi kwenye kadibodi na kuchomeka kila bolti mahali pake. Kama hukufanya hivyo, ingiza kila moja bila kukaza na uone inatokeza kiasi gani: inayotokeza kupita wenzake huenda si ya hapo, na ndefu ikifika mwisho wa tundu utaivunja ukidhani unakaza.

Kaza kwa kuvuka, mizunguko miwili au mitatu. Kwenye Hilux hizi bolti kubwa zenye kichwa cha 17 huwa ni Nm 72 hivi, na ndogo za 14 ni Nm 37. Ukiwa na kitabu cha gari lako, kitabu ndicho kinachotawala. Kisha zungusha injini mizunguko miwili kamili kwa spana, kwa mkono, gia ikiwa huru. Isikwame popote.

Usitoe jeki bado. Rudisha krosimemba (chuma cha kukingama kinachobeba mkia wa giaboksi) na mauntingi ya nyuma, kaza, ndipo uondoe jeki ya giaboksi na ya injini. Mauntingi iliyopasuka mpira ibadilishe leo.

Vilivyobaki

Hivi vinakwenda haraka. Stata, na waya wake mnene ukiwa na kofia yake ya mpira. Swichi ya rivasi. Kebo ya spidi. Bomba la ekzosi na gasketi mpya. Waya wa ardhi unaotoka kwenye giaboksi au injini kwenda bodi usiusahau: bila huo stata inazunguka kichovu, na umeme unatafuta njia nyingine kupitia kebo mpaka zinaungua.

Propela irudi kwa alama ulizoweka wakati wa kufungua, flanji kwa flanji. Ukiigeuza, gari linaweza kutetemeka kwenye mwendo na utamlaumu mwenye matairi. Jino la mbele lipake oili kabla ya kupita kwenye sili.

Silinda ya chini ya klachi inashikwa na bolti mbili za 12. Kifimbo chake kikae kwenye kibonyeo cha uma, siyo pembeni. Ndani ya gari, kabla ya kurudisha liva, tazama ile bushi ya plastiki ya ncha ya chini. Ikiwa imelika, gia zitakuwa zinatafutwa kama ufunguo gizani, na bei yake ni ndogo. Paka grisi, rudisha liva, ijaribu gia zote kabla ya kufunga zulia.

Oili ya gia: Toyota wanataka SAE 75W-90 kwenye nyingi ya giaboksi hizi. Zipo oili za GL-5 zenye dawa kali ya difu ambayo haipatani na shaba ya sinkronaiza (ringi zinazolainisha kuingia kwa gia), kwa hiyo nikipata GL-4 ndiyo ninayoiweka. Gari liwe limelala sawa, si pua juu. Jaza kupitia plagi ya ubavuni mpaka ianze kumwagika, funga plagi kwa Nm 37. Lakini kwanza hakikisha ya chini umeifunga. Nimeona oili ikimwagwa sakafuni zaidi ya mara moja.

Kutoa upepo kwenye klachi: jaza mafuta ya breki ya DOT 3, msaidizi akanyage pedali taratibu na aishikilie, wewe ufungue niponi (kiskrubu cha kutolea upepo kwenye silinda ya chini), utoke upepo, funga, ndipo aachie. Rudia mpaka yatoke mafuta matupu. Usiache chupa ya juu ikauke, utaanza upya. Pedali iwe na mchezo huru wa milimita 5 hadi 15 kabla ya kuanza kuwa nzito. Bila mchezo huo rilizi beringi inagusa presha muda wote na klachi inateleza kabla ya wakati.

Kuiwasha na kuijaribu

Rudisha betri. Gari likiwa kwenye stendi nne na matairi ya nyuma hewani, gia huru, washa. Sikiliza. Kimya, kisha kanyaga klachi. Mlio unaoanza ukikanyaga na kuisha ukiachia ni wa rilizi beringi au pailoti. Mlio unaokuwepo ukiwa umeachia na kupotea ukikanyaga ni wa beringi ya shafti ya mbele ndani ya giaboksi.

Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tatu, ingiza rivasi. Ikiingia bila kukwaruza, klachi inakata. Ikikwaruza, usiingize kwa nguvu. Toa upepo tena kwanza, maana hapo ndipo tatizo liko mara nyingi. Pitisha gia zote, kila moja matairi yazunguke.

Shusha gari, litoe barabarani bila mzigo. Kwa kilomita 500 za mwanzo usivute tela, usishikilie gari kilimani kwa klachi, usiondoke kwa kishindo. Pleti mpya inahitaji kukaa kwenye flaiwili taratibu.

Baada ya kilomita 100 au 200 rudi chini yake na toki renchi, ujaribu bolti za belihauzi, krosimemba na flanji za propela. Pitisha kidole kwenye tundu dogo lililo chini kabisa ya belihauzi. Pakiwa pakavu, funga vifaa vyako. Pakiwa na oili, inuse: nyeusi yenye harufu ya dizeli iliyoungua ni sili ya krankshafti, na ya manjano yenye harufu kali ya kiberiti ni sili ya shafti ya mbele.